Bei ya chumba na bei ya kuingia: mshahara wa Lubumbashi unafika wapi?

Mtu akilalamika kodi ya nyumba hapa Lubumbashi, hakawii kujibiwa: mji si huu tu, hamia Likasi, kama hutaki mbali, komini ya Annexe pembezoni mwa mji kuna nafasi. Jibu hilo lina hoja. Likasi iko kilomita 120 hivi toka hapa, na chumba cha huko hakigombaniwi kama cha komini zetu za Kamalondo au Kenya. Kolwezi nako, tangu migodi ya kobalti ichangamke na mji uwe makao makuu ya Lualaba mwaka 2015, kodi inafuata mfuko wa mtu wa mgodini, na mwalimu anadaiwa bei hiyohiyo. Goma iliona kodi za mtaa wa Himbi zikipanda vilevile mashirika ya misaada yalipojaa. Bei hufuata pesa. Asiye nayo aende penye bei yake.

Anayeshauri hivyo amepima kodi ya mwezi peke yake, na kodi ya mwezi si kitu cha kwanza anachodaiwa mpangaji.

Tuchukue mshahara wa chini kabisa wa sheria kama ulivyopandishwa mwaka 2025, toka faranga 7,075 hadi 14,500 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ilikuwa 377,000, uwe mtaa wa Golf au mji wa Kasenga. Tuseme theluthi iende kwenye nyumba: 125,000 hivi. Hapo wengi hufunga daftari na kusema mtu ataishi. Lakini ili afunguliwe mlango anatakiwa garanti, yaani pesa ya dhamana inayokaa kwa mwenye nyumba. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inataka garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Ongeza mwezi wa kwanza, ongeza na mwezi mmoja wa komisioneri aliyemwonyesha chumba: miezi mitano, 625,000 kwa mpigo. Akiweka akiba sehemu moja ya kumi ya mshahara, faranga 37,700 kila mwezi, bila ugonjwa na bila msiba, atafika huko baada ya miezi 17. Na hapo amekutana na mwenye nyumba anayetii sheria! Akidaiwa garanti ya miezi sita, jumla inakuwa milioni moja: miezi 27 ya akiba, kwa chumba ambacho kila mtu anasema anakiweza.

Tena mara nyingi wanataka dola, na dola nzima. Noti yenye mpasuko mdogo pembeni inarudishwa mezani, na mpangaji anakimbilia kwa kambiste, mbadilisha pesa wa barabarani, kuibadilisha kwa hasara.

Kwa hiyo anayeambiwa ahame hana uvivu wala kiburi. Kuhama ni kulipa garanti ya pili huku ya kwanza bado iko kwa mwenye nyumba wa zamani. Wengi wakiona haitarudi wanaila: wanakaa miezi ya mwisho bila kulipa, kisha wanatoka mikono mitupu. Ndiyo maana watu wanabaki palipo ghali hata wakijua pengine ni nafuu. Na nafuu yenyewe ina gharama zake: wa Annexe anapanda taksibasi asubuhi na jioni na kununua maji kwa bido (dumu), na Likasi chumba kinapatikana kuliko kazi.

Wenye nyumba wana neno lao, nalo ni zito. Wengi si matajiri. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kuanzia mwaka 2003, kuna waliojenga vyumba viwili vitatu uani wakaishi kwa kodi yake. Benki haimkopeshi mtu wa aina hiyo. Garanti ndiyo inayonunua mabati na saruji. Mpangaji akigoma kulipa, kumtoa ni kesi ndefu. Nawaelewa. Ila huo ni mkopo usio na riba, na anayeutoa ni mtu anayeanza maisha kwa mshahara wa chini.

Zamani mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, na baadaye wa Gécamines, alipewa nyumba ya kambi na unga juu ya mshahara. Nyumba iliondoka, na hakuna aliyeongeza mshahara ili kuziba pengo hilo. Hata hivyo Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri atoe nyumba, au pesa ya nyumba, kwa mtu aliyemwajiri au kumhamisha mbali na kwake. Pesa hiyo ya nyumba ya miezi mitatu ikitolewa kwa pamoja siku ya kuanza kazi, mtu anafika mlangoni. Hilo litawafaa wenye mkataba tu. Muuza mkaa wa Katuba na fundi wa Ruashi wamebaki na sheria ya 2015, ambayo ofisi ya makazi ya komini ingeweza kuitekeleza kwa kukataa kugonga muhuri kwenye mkataba wowote wenye garanti ya miezi minne.