Kuhesabu Herufi Mpaka Leseni Ije?

Juzi nimemkuta binti wa mwaka wa tatu maabara, kakunja uso, kafungua faili la kirusi cha batobato ya mihogo kwenye Word. Ndiyo, Word. Anatafuta herufi G, moja ya herufi nne za DNA (A, C, G na T), anaandika idadi kwenye daftari, anahamia C. Kwa nini? Kaambiwa asubiri leseni ya programu, "ipo njiani". Miezi minne sasa ipo njiani.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza hapa hapa kwetu, Usambara, mwaka 1894. Leo tunangoja kibali cha kuhesabia herufi zake!

Nikavuta kiti. Python, lugha ya kuandikia programu, ni ya bure, na laptopu yake kuukuu inatosha. Fungua faili, ruka mstari wa kichwa, ule unaoanza na alama ya >, unganisha iliyobaki, hesabu G na C, gawanya kwa urefu, umepata GC, yaani sehemu ya G na C katika DNA. Mistari minane. Herufi kama 2,800, jibu likatoka kabla hajainua kidole.

Ila C zake za daftarini zilizidi zetu kwa tatu. Akataka kulia. Tukaangalia mstari wa kichwa: "African cassava mosaic virus". Zihesabu mwenyewe. Word ilikuwa imehesabu jina la kirusi kama sehemu ya DNA yake.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Wanasema mwanabiolojia si mtu wa kompyuta, apewe vitufe abonyeze. Vitufe vitamwambia saa ngapi kwamba kichwa kimehesabiwa? Skripti, yaani programu fupi uliyoandika mwenyewe, ikikosea unaifungua, unauona mstari wenye kosa. Mimi mwenyewe niliwahi kupata GC sifuri, nikajiona nimegundua kiumbe kipya duniani. Kumbe faili lilikuwa na herufi ndogo, mimi nahesabu kubwa.

Haya, kulinganisha mfuatano wa DNA na maelfu mengine nakubali, tumia programu ya BLAST, usijitese. Na Excel msiniletee kabisa: ilikuwa ikigeuza jina la jeni SEPT1 kuwa tarehe 1 Septemba, hadi mwaka 2020 wataalamu wa majina ya jeni wakatoa mwongozo, jeni ikaitwa SEPTIN1. Jeni ndiyo iliyotangulia kubadili jina, Excel ikaja kuweka njia ya kuzima ugeuzaji huo mwaka 2023.

Jana usiku binti kanitumia ujumbe: "Shikamoo mwalimu, nimepitisha mafaili 46 kwa mpigo. Moja limetoa sifuri."

Nimemjibu marahaba, aangalie herufi.