DCX ikiwaka, je, neuroni imezaliwa leo?

Chukua kipande chembamba cha ubongo wa kijusi cha panya, kipake kingamwili inayonasa protini ya DCX, kisha kiweke chini ya hadubini. Zinawaka seli ndefu nyembamba, kila moja imetanguliza unyuzi mmoja mbele. Hizo ni neuroni (seli za neva) changa zilizo safarini, kutoka kando ya ventrikali, yaani vyumba vya majimaji ndani ya ubongo, zilikozaliwa, hadi kwenye gamba la ubongo. DCX huimarisha mikrotubuli, yaani nguzo za ndani ya seli. Ikikosekana, safari hukwama. Ndiyo maana mtoto wa kiume mwenye hitilafu kwenye jeni ya DCX, iliyo kwenye kromosomu X, anaweza kuzaliwa na ubongo laini usio na mikunjo.

Kwa ubongo unaokua, basi, sina ugomvi na DCX. Ugomvi huanza inapoulizwa kuhusu mtu mzima: je, ubongo wake bado unazaa neuroni mpya?

Mwaka 2018 watafiti wa San Francisco waliripoti kwamba katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ya watu wazima hawakuona neuroni changa hata moja. Mwezi uliofuata wenzao wa New York wakasema wanaziona kwa maelfu, hata kwa mtu wa miaka 79. Ubongo ni uleule wa binadamu! Mwaka 2019 kundi la Madrid likaelekeza kidole kwenye maandalizi: tishu ikilowekwa muda mrefu kwenye dawa ya kuihifadhi, DCX haishikiki tena. Hoja hiyo naikubali. Kutoiona alama si ushahidi kwamba seli haipo.

Ila wenye shaka nao wana neno, na kwangu ndilo zito zaidi. Katika gamba la ubongo la mamalia kadhaa zimo seli zenye DCX zilizozaliwa kabla mnyama hajazaliwa, zikabaki changa miaka na miaka. DCX inakuambia seli haijakomaa. Haikuambii imezaliwa lini. Anayetaka tarehe ya kuzaliwa atumie BrdU, kemikali inayoingia kwenye DNA seli inapojigawa, kama ilivyofanyika mwaka 1998 kwa ubongo wa wagonjwa wa saratani waliokuwa wamedungwa kemikali hiyo. Nayo si safi kabisa, kwa sababu huingia pia DNA inapokarabatiwa.

Hata NeuN, protini nyingine inayotumiwa kama alama na kuchukuliwa kama muhuri wa ukomavu wa neuroni, haiwaki kwenye seli za Purkinje za serebela (sehemu ya nyuma ya ubongo), na hizo ni neuroni zilizokomaa, hakuna anayebisha.