Vipimo viko sawa, mimi siko sawa: thairoidi wakati hedhi inakoma

Dada yangu mkubwa ana miaka 49. Juzi kati alinionyesha kitana chake, nywele zimejaa kwenye meno hadi huoni rangi ya kitana, halafu akatoa kwenye pochi karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne: TSH, kipimo cha kuangalia kazi ya thairoidi (ile tezi ya shingoni), ni 3.6, pembeni wameandika kiwango cha kawaida 0.4 hadi 4.0, na daktari kapiga tiki kubwa. Akaniambia, "Mdogo wangu, kama niko sawa, mbona naamka nimechoka kuliko nilivyolala?"

Swali lake wanauliza wanawake wengi sana kuanzia miaka 45 hivi, na majibu wanayopata ni mawili tu. Moja, vipimo vimeshasema, hiyo ni hedhi inakoma, zoea. Pili, vipimo hivyo havina maana, hiyo ni thairoidi kabisa, tafuta vidonge. Mi naona kila upande umeshika kipande cha ukweli na kila upande unamwacha huyu mama njiani, na wa kwanza ndo unaniumiza zaidi kwa sababu unafunga mlango mapema.

Tuwape wa kwanza haki yao kwanza. TSH haitoki kwenye thairoidi yenyewe, inatoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, kazi yake ni kuisukuma thairoidi itengeneze homoni, na homoni kubwa inayotengenezwa ni T4. Sasa T4 ikishuka kidogo tu TSH inapanda kwa kasi kubwa zaidi, yaani pituitari inapiga kelele kabla wewe hujajua kuna shida, na ndo maana kipimo hiki kinaaminika. Mtu mwenye TSH 1.5 na T4 nzuri, uchovu wake mara nyingi sana una sababu nyingine.

Na sababu hizo zipo kweli, sio visingizio. Miaka ya kuelekea kukoma hedhi estrojeni, ile homoni ya kike, inapanda na kushuka ovyo, unaamka saa nane usiku umelowa jasho, unabadilisha nguo, unalala, unaamka tena, fanya hivyo miezi sita halafu uone kama utakumbuka ulipoweka funguo. Nywele kupungua, uzito, hasira za karibu, kusahau, moyo kwenda mbio, vyote hivi vinaletwa na hedhi inayokoma na vyote vinaletwa pia na thairoidi, iwe imelegea au imezidi kasi. Hata lile joto la ghafla, thairoidi iliyozidi kasi inaweza kukutoa jasho ukadhani ni hedhi. Kinachoelekeza zaidi kwenye thairoidi iliyolegea ni baridi isiyoisha wakati wenzako wako sawa, choo kigumu, ngozi kukauka, sauti kukwaruza, moyo kupiga polepole, ila hata hizo peke yake hazitoshi kukata kesi.

Haya, upande wa pili sasa, maana hapa ndo watu wanapuuzwa.

Kile kiwango cha 0.4 hadi 4.0 (maabara nyingine inatofautiana kidogo) ni cha kundi la watu, sio chako. Kuna utafiti wa Denmark uliotoka 2002, walichukua wanaume 16 wenye afya wakawapima kila mwezi kwa mwaka mzima, wakakuta kila mtu anazunguka ndani ya eneo lake dogo tu, karibu nusu ya upana wa kiwango cha kundi. Kwa hiyo mwanamke ambaye maisha yake yote TSH ilikuwa 1.0 na leo ni 3.6, kwenye karatasi yuko ndani, lakini kwa mwili wake ametembea mbali. Shida ni kwamba wengi wetu hatujawahi kupima tukiwa wazima, hatuna cha kulinganisha, na tena TSH inabadilika ndani ya siku moja, usiku na alfajiri iko juu, mchana inashuka, kwa hiyo tofauti ndogo kati ya karatasi mbili inaweza isiwe na maana yoyote. Ukilinganisha, linganisha asubuhi na asubuhi, maabara ile ile.

Halafu kuna kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili zinazopimwa kwenye damu. Ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuishambulia thairoidi, aliouelezea daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, unaweza kukaa miaka unaitafuna tezi pole pole huku TSH iko ndani ya kiwango. Uingereza, eneo la Whickham, walifuatilia watu miaka 20, wanawake waliokuwa na kingamwili tu bila TSH kupanda, karibu wawili katika kila mia waliishia na thairoidi iliyolegea kila mwaka, na waliokuwa na vyote viwili ni kama wanne. Kwa hiyo kuwa na kingamwili sio kwamba leo unahitaji dawa, ila ni sababu nzuri ya kupima kila mwaka, na mtu asiyepimwa kingamwili atajuaje?

Kuna jambo lingine linaniudhi kwa sababu halisemwi. Mwanamke nywele zinatoka, anafanya nini? Anameza vidonge vya nywele na kucha, ambavyo vingi vimejaa biotini, aina ya vitamini. Biotini nyingi inavuruga baadhi ya mashine za maabara, TSH inasomeka chini kuliko ilivyo na T4 inasomeka juu, yaani tezi iliyolegea inaweza kuonekana nzima. Inabidi uache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, ukiwa unameza dozi kubwa sana uliza daktari, pengine zaidi. Na mara chache pituitari yenyewe ndo mbovu, hapo TSH inaonekana nzuri huku T4 iko chini, ukipimwa TSH peke yake hiyo haionekani.

Basi mbona tusinywe tu hivyo vidonge vya thairoidi tujaribu? Hapa mi nakataa. Scotland waliwahi kujaribu, matokeo yalitoka 2001, watu 25 wenye dalili lakini vipimo viko sawa, wakapewa thairoksini (hiyo T4 ya vidonge) mikrogramu 100 na kipindi kingine vidonge bandia bila kujua kipi ni kipi, thairoksini haikuwazidi vidonge bandia. Ni watu wachache, na hawakuchaguliwa kwa sababu hedhi inakoma, sawa, lakini ndo ushahidi tulio nao na hauvutii. Na dawa ikizidi inaharakisha kupungua kwa mifupa na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa mwanamke ambaye estrojeni inashuka na mifupa tayari inapungua hilo sio la kuchezea.

Dada alirudi kwa daktari mwingine. Aliacha vidonge vya nywele wiki nzima, akapima asubuhi, safari hii wakaongeza T4, kingamwili na akiba ya madini ya chuma mwilini, maana hedhi zake za mwisho mwisho zilikuwa nzito mno na hamna aliyemuuliza. TSH 3.9, T4 nzuri, kingamwili ziko juu, chuma kimeisha karibu chote. Thairoksini hakupewa. Amepewa chuma, wanazungumzia plasta ya estrojeni kwa ajili ya jasho la usiku, na thairoidi watapima tena baada ya miezi sita.

Nywele bado zinatoka. Ila ile karatasi ya kwanza hajaitupa, ameinyoosha akaibandika kwenye daftari, chini yake kaandika tarehe na 3.9, na nafasi ya mstari wa tatu iko wazi.