Andikeni bei hadharani

Shangazi yangu wa Tabora aliniagiza dumu la mawese. Siku hiyo sikuwa na nafasi ya kwenda soko la Ujiji, hapa Kigoma, nikaingia kwenye kundi moja la WhatsApp ambalo waanzilishi wake wamelipa jina la soko. Nikaona picha nzuri, mawese mekundu kabisa, na chini yake: "Bei njoo inboksi." Nikaenda. Nikaulizwa niko wapi. Nikaulizwa ni ya kula au ya biashara. Nikaulizwa natuma kwa basi au kwa treni. Bei ilikuja mwisho. Jioni jirani akanionyesha simu yake: muuzaji yuleyule, ujazo uleule, bei ya chini kuliko yangu.

Nimekasirika, na si kwa sababu ya pesa iliyozidi. Kinachoniuma ni kwamba sisi watu wa Kigoma, wenye masoko ya Ujiji na Kibirizi, tunaitwa sokoni halafu tunaingizwa chumbani mmoja mmoja kunong'onezwa bei, na tumeshazoea.

Sokoni bei husemwa watu wakisikia. Mama wa samaki wa migebuka akimtajia mteja bei, wa meza ya pili amesikia, na mimi ambaye sijamfikia nimesikia. Akimpunguzia mmoja, wote tumejua kwamba inapungua. Mtoto anayetumwa dagaa kwa mara ya kwanza anasimama nyuma ya mtu mzima, anasikiliza, na zamu yake ikifika anataja bei ileile. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei hadi Agosti 2024, mwenye dagaa wa akiba ndani alikuwa akipita sokoni kwanza, mikono mitupu, kusikia bei ya sado, lile kopo la kupimia, imefika wapi. Ndipo anarudi nyumbani kuwatoa. Huyo ni muuzaji, tena mdogo, na bei ya wazi ilimlinda yeye kabla ya kumlinda mnunuzi. Dalali akimfuata huyo mwenye dagaa kwenye simu, bei pekee anayoijua ni aliyotajiwa na dalali.

Na bei ya wazi haikuanza jana. Cameron, msafiri Mwingereza, alipofika Ujiji mwaka 1874 alikuta watu wenye mifuko ya shanga zilizoitwa sofi, zilizotumika sokoni kama fedha. Soko likifunguliwa waliwauzia shanga hizo wanaotaka kununua, likifungwa wakazipokea tena kutoka kwa wauzaji. Stanley, msafiri mwingine wa Kizungu aliyerudi hapa 1876, aliweza kuandika orodha ya bei: mbuzi kwa vitambaa kadhaa, kuku kwa kadhaa. Mgeni, lakini bei alizipata, kwa kuwa zilikuwa zinajulikana. Katika orodha hiyohiyo kuna bei za watu, wavulana na wasichana. Kwa hiyo sitalipamba soko letu la kale. Bei kujulikana hakukumwokoa mtumwa hata mmoja, na anayesema uwazi peke yake unaleta haki hajasoma habari za Ujiji.

Najua nitakachojibiwa: hata sokoni wanakupima viatu kabla ya kutaja. Ni kweli, wapo. Lakini pale ukitajiwa ya ajabu unapiga hatua tano kwa mwingine, na mara nyingi mtu wa pembeni mwenyewe atasema, "Dada, mpe huyo kama ulivyompa mwenzake." Inboksi hakuna mtu wa pembeni. Kuna wewe, picha yako ya wasifu, na mtu anayeiangalia kukisia una kiasi gani.

Wengine wanasema wakiandika bei wenzao watashusha. Basi washushe.

Simu yenyewe siikatai. Mama mwenye mtoto mchanga anauza bila kukaa juani, mtu wa Dodoma anapata dagaa wa Kigoma bila kumjua mtu yeyote hapa, na aliyekosa meza sokoni ana pa kuonyesha bidhaa yake. Hayo ni mambo makubwa na nayakubali. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji bei ifichwe. Picha inaingia, namba ya simu inaingia, bei inashindwaje?

Na kipimo, tafadhali. "Ndoo" ni ndoo ipi, ndogo au kubwa? Sado imejazwa hadi ukingoni au ina kichuguu juu? Sokoni naona kwa macho yangu, kwenye picha sioni.

Nimemwandikia msimamizi wa kundi lile nikimwomba sharti moja: tangazo lisilo na bei na kipimo lifutwe siku hiyohiyo. Amesema atawauliza wauzaji. Nimemwomba awaulize palepale kundini, wanunuzi nao wakisoma, na wanaopinga waandike sababu zao humo humo.