Mvua ya Bukoba, Kodi ya Tabata

Mwenye nyumba wangu hapa Tabata amenipa taarifa kwa ustaarabu wote: kuanzia Oktoba kodi inapanda kutoka 350,000 hadi 400,000 kwa mwezi, na anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo kama kawaida. Yaani shilingi 2,400,000 mezani kabla sijanunua hata kibiriti. Nikisema nitafute nyumba mtaa wa pili, kuna dalali anayesubiri kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kunionyesha mlango. Ndipo nilipoanza kulitaja jina la Bukoba, mkoani Kagera, mbele za watu, kwamba nataka kuhamia huko.

Kila niliyemwambia alinijibu neno lilelile: mvua. Shoga yangu wa Kimara aliniambia nitaota kuvu mgongoni. Fundi wangu wa nguo, Mhaya aliyetoka kwao zamani na anarudi Krismasi tu, alicheka mpaka akashusha sindano. "Dada, kule utaanika nguo Jumatatu uzianue wiki ijayo, tena mbichi."

Hawakosei. Bukoba hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam ni kama 1,100. Mwenye kulaumiwa ni ziwa lenyewe. Pepo za kusini-mashariki huvuka Ziwa Victoria zikijibebea unyevu njia nzima, zikigota ukingo wa magharibi zinautua mzigo wote pale. Musoma nayo iko kando ya ziwa hilohilo, ila upande wa pili, na haipati hata nusu ya mvua hiyo.

Lakini mvua iliyonitesa mimi maishani ni ya Dar, wala si ya Bukoba.

Nilihamia Dar mwaka 2011, na Desemba ya mwaka huohuo ikaja mvua iliyoua watu zaidi ya 40. Familia za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo nimeijua ratiba: ikinyesha saa mbili mfululizo, Jangwani pamefungwa, pakifungwa Jangwani, Kariakoo hakwendeki, na foleni ya Mandela inafika hadi mlangoni kwangu. Niliwahi kutoka Posta saa kumi na moja jioni nikaingia nyumbani saa tano usiku, viatu mkononi, na watoto wamelala kwa jirani. Siku ya pili jua likawaka kama hakuna lililotokea, na bomba likakauka, nikanunua maji ya boza. Mji unaofurika Jumanne na kununua maji Alhamisi haupaswi kumcheka mwenzake kwa mvua.

Kwa hiyo Aprili iliyopita nilikwenda Bukoba, wiki tatu, na Aprili niliichagua kwa makusudi. Watu wengi huenda kuangalia mji Julai, kiangazi, ziwa linametameta, wakarudi wamelewa. Mimi nilitaka kuuona ukiwa umenuna.

Na ulinuna. Mvua ya kule hupenda alfajiri na asubuhi. Unaamshwa na bati saa kumi na moja, na kelele yake si mchezo. Simu ya kazi huwezi kupokea, labda ujifunike blanketi na kupiga kelele kama upo kisimani. Saa nne au saa tano inakatika, watu wanatoka, bodaboda wanafuta viti, na mji unaanza siku yake kana kwamba ndiyo kwanza kumekucha. Nilichokipenda ni kwamba hakuna aliyeomba radhi. Nilikuwa na miadi ya kuangalia nyumba saa tatu. Mama mwenye nyumba akatokea saa tano na nusu, mwavuli mkononi, akanisalimia na kuanza kunionyesha vyumba. Mvua ilikuwa udhuru unaojulikana, haikuhitaji kutajwa. Dar mvua ileile ingenigharimu mteja.

Tofauti kubwa nadhani ni ardhi na mazoea. Bukoba imejaa miinuko, maji yana pa kukimbilia, ingawa wanaokaa bondeni kando ya Mto Kanoni wana hadithi zao za kuokoa magodoro usiku. Nyumba karibu zote nilizoziona zina gata na simtanki, kwa hiyo mvua inaishia kwenye ndoo badala ya kuishia sebuleni. Nyumba niliyoipenda ipo upande wa Rwamishenye: vyumba vitatu, jiko la ndani, migomba nyuma, 150,000 kwa mwezi. Mama yule alikubali miezi mitatu mitatu. Nilijikaza nisicheke mbele yake.

Niliuliza pia kuhusu kuta, na nakushauri nawe uulize. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, nyumba nyingi zikabomoka, hata majengo ya shule kongwe za Ihungo na Nyakato. Mama alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha ufa uliozibwa, kisha akanionyesha lenta iliyozungushwa baada ya tetemeko. Sikumwomba anionyeshe ufa. Hapo nikajua nyumba hiyo naweza kuipanga.

Sasa, wanaopenda kusema "mikoani maisha rahisi" huishia kwenye kodi, na ndiyo maana wengi hurudi Dar kabla ya mwaka. Mimi nilikaa na daftari, kazi yangu ni uhasibu, siwezi kujizuia. Kodi inashuka kwa 250,000 kwa mwezi ukilinganisha na hiyo mpya. Luku inapungua, maana hakuna feni ya usiku kucha. Joto la mchana halipiti sana nyuzi 26, na usiku unatafuta shuka la pili. Ndizi, maharage, sato na dagaa ni bei ya kupigia magoti kushukuru. Upande wa pili: mabuti na makoti ya mvua kwa watoto wawili, ambao miguu yao inakua kila nikigeuka. Mkaa wa ziada, maana kuna siku nguo za shule zitakaushwa juu ya jiko tu. Malaria, ambayo Kagera haijaisha, basi vyandarua vipya. Ugonjwa mkubwa ukipita uwezo wa hospitali ya mkoa, safari ni ya Bugando, Mwanza. Angalau daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa kile kusubiri kivuko.

Halafu radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na hili haliko kwenye picha za watalii. Ritani za VAT mwisho wake ni tarehe 20 ya kila mwezi. Nilipokuwa kule, jioni ya tarehe 19 ilipiga radi nikachomoa kompyuta, umeme ukakatika, nikamaliza kazi ya wateja wanne kwa simu iliyobaki na chaji asilimia 30, nimekaa sakafuni kama mwizi. Kwa hiyo kwenye daftari niliongeza betri kubwa na bando la mtandao wa pili. Ukijumlisha yote, ile 250,000 inabaki kama 130,000. Bado ni hela. Ila si ile hela ya kwenye stori za vijiweni.

Nachopata zaidi ni saa. Hapa Dar naacha saa tatu kila siku barabarani, na kule nilikwenda sokoni na kurudi kwa miguu kabla chai haijapoa. Hesabu hiyo sikuweza kuiandikia shilingi, nikaiacha wazi kwenye daftari.

Lakini kipato changu kinasafiri, na si cha kila mtu kinachosafiri. Wateja wangu wananitumia picha za risiti kwa WhatsApp. Mwenye saluni ya Sinza hajali kama niko Tabata au Rwamishenye. Nitampoteza mmoja, mzee wa Kariakoo ambaye haamini hesabu za mtu asiyemwona usoni, na siwezi kumlaumu. Ungekuwa unauza nguo Karume, au fundi simu, au dereva, ningekwambia waziwazi usifuate kodi ya bei poa. Nyumba ni rahisi mahali ambapo na pesa ni ngumu kupatikana, na hizo mbili hazijakutana kwa bahati mbaya. Kuna kijana niliyemkuta kule kwenye kibanda cha chipsi, katoka Mbagala, mwaka wa kwanza analala pazuri na kula vizuri, ila hajaweka akiba hata ya nauli.

Kuna jambo moja lililonifanya nilifunge daftari usiku ule wa mwisho, nalo si mvua.

Mama yangu yuko Tanga. Ana miaka 74 na presha. Kwetu maiti hailali: ukifa alfajiri, alasiri umeshazikwa. Kutoka Dar, simu ikiingia saa kumi na mbili asubuhi, napanda basi, Chalinze, Segera, nafika kabla ya jeneza kutoka. Kutoka Bukoba kwa barabara hadi Dar peke yake ni kama kilomita 1,400, na Tanga ni siku ya pili. Ndege ipo, lakini haikusubiri, na hali ya hewa haikusubiri vilevile. Watu wa Bukoba hawajasahau Novemba 6, 2022, ndege ilipotumbukia ziwani karibu na uwanja ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, wakafa watu 19, na wavuvi wakaokoa kwa makasia na mitumbwi. Ukiwauliza wazee watakurudisha nyuma zaidi, Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama. Pale mjini umbali una majina ya watu ndani yake.

Kwa hiyo bei halisi ya nyumba ya 150,000 ni kwamba huenda nisimzike mama yangu. Nimeliandika hivyo kwenye daftari, kwa kalamu, nikalitazama. Hakuna fomula ya hilo. Dada yangu ananiambia hata walio Temeke hukosa mazishi, na ni kweli, kaka yetu alikosa ya baba akiwa Ubungo, kwenye foleni. Faraja ya ajabu, lakini niliipokea.

Uamuzi wangu ni huu, na unaweza kunicheka: naenda, mwaka mmoja, kwa kupanga. Sinunui kiwanja. Nimeshaonyeshwa vitatu, kimoja kinaangalia ziwa, na mwenye nacho alikuwa na haraka kuliko mimi. Mtu anayekuuzia ardhi asubuhi isiyo na mvua mwezi wa Aprili ana sababu zake. Sauti yangu haiwezi kumzuia anayetaka kuhamia mji mwingine wowote wenye mvua, iwe Tukuyu au Kakamega, ila nitamwomba aende kwanza wakati matope yamefika magotini, alale pale, aanike nguo, afanye kazi yake ya siku ngumu kuliko zote za mwezi, ndipo aongee na mwenye nyumba. Na akajifunze senene, wale panzi wa kuliwa, wanavyokaangwa, kwa sababu wakija watakuja na mvua hiyohiyo, na jirani atakuletea bakuli, na utatazamwa.

Jumapili nilimpigia mama kumwambia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia. Dada yako kashanipasulia."

Nikaanza kumweleza kodi, shule, hewa nzuri kwa kifua cha mdogo. Akaniacha niongee hadi nikaishiwa.

"Huko nazi ziko?"

"Ziko mama. Zinaletwa na malori kutoka pwani."

"Nazi iliyotembea," akasema, kisha akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. "Basi kabla hujaondoka pita Tanga, uchukue mbuzi yangu. Hizo za dukani hazikuni."