Nilivyojifungia Nje ya Waifai Yangu

Ruta yetu, kile kisanduku kinachotugawia waifai, ni kikongwe. Antena yake moja imeshikiliwa kwa gundi ya karatasi, na taa huwaka kwa kusitasita kama mtu aliyeamshwa usingizini kwa nguvu. Tuliishi nayo kwa amani mpaka jioni moja video ya dakika tatu iliponichukua robo saa. Nikasema hapa kuna mtu ananinyonya intaneti.

Nikaandika 192.168.1.1, anwani ya ukurasa wa mipangilio ya ruta, kwenye kivinjari. Jina: admin. Neno la siri: admin. Pakafunguka! Miaka yote hiyo mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Nikabadilisha hilo kwanza, na ndilo jambo pekee la akili nililofanya siku ile. Kisha nikafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vyetu ni vitano: simu tatu, kompyuta na televisheni. Orodha ilikuwa na sita.

Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Baba, hapa imeandikwa WEP. Si uweke WPA2 na neno jipya la siri, tumalize?"

Alikuwa sahihi kabisa. WEP, ulinzi wa waifai wa kizamani, ilitoka 1997, wataalamu wakaanika udhaifu wake 2001, na leo mtu mwenye programu ya bure huivunja kwa dakika chache. WPA2, ulinzi ulio imara zaidi, ipo tangu 2004 na hata kikongwe chetu kilikuwa nayo, mstari wa tatu kwenye menyu. Lakini ushauri wa mtoto huo! Mimi nilikuwa nimeshaona kitu kitamu zaidi: uchujaji wa anwani za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa. Unaorodhesha vifaa unavyovitambua, vingine vyote vinabaki nje. Nikajiona bawabu wa ikulu.

Nikachukua kalamu na karatasi. Anwani ya MAC ina herufi na tarakimu kumi na mbili, jozi sita, na herufi haziendi mbele ya F. Za simu nilizinakili kutoka ukurasa wa "Kuhusu simu". Kuzilinganisha na zile za kwenye orodha ya ruta? Za nini, na simu ni zetu wenyewe! Sikujua kwamba simu za siku hizi, Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14, huvaa anwani ya bandia kwenye kila mtandao wa waifai. Ruta ilikuwa haijawahi kuziona sura zile nilizoandika.

Ya kompyuta niliinakili vizuri, ila nane yangu na B yangu ni mapacha wasiotofautishika. Ya televisheni ilikuwa kwenye kibandiko cha nyuma, na televisheni imefungwa ukutani. Nikakodolea macho zile anwani sita za kwenye orodha, nikachagua moja iliyonikalia kitelevisheni. Usiniulize anwani ya kitelevisheni inafananaje.

Nikabonyeza "Hifadhi".

Taa zikazimika. Zikawaka. Chumbani ikasikika sauti ya mke wangu, aliyekuwa katikati ya mkutano wa mtandaoni: "Mnanisikia? Haloo? Mnanisikia?" Kikapita kimya. Halafu: "Baba watoto!"

Simu zote tatu, nje. Kompyuta, nje. Televisheni ikaganda, mtangazaji kaachama. Ruta yenyewe haikunitambua, mimi niliyeinunua. Na taa ya waifai bado ilikuwa inachezacheza, tena kwa furaha, kama kwamba kuna mtu humo ndani anakula raha zake.

Njia ya kebo ilikuwepo, kwa sababu kichujio hicho hakigusi waya. Ila kompyuta yangu ni ile nyembamba, haina tundu la kebo. Kulikuwa pia na kile kitundu cha nyuma, unachoma pini ukihesabu mpaka kumi, kila kitu kinarudi kama kilivyotoka kiwandani, pamoja na kufutika jina na neno la siri tulilopewa na kampuni ya intaneti. Karatasi ile mara ya mwisho niliiona kabla hatujahamia nyumba hii.

Hapo ndipo pakabishwa hodi. Jirani.

"Jirani, samahani kukusumbua. Hivi umeifanya nini intaneti leo? Inakwenda kama upepo! Nimekuja kushukuru."

Nikamtazama. Akatoa pochi, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Neno la siri, kwa mwandiko wangu, nane na B zikifanana kama kawaida. "Ulinipa mwenyewe mwaka juzi, mgonjwa wangu alipotaka kuongea na wanawe. Au umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Basi ile anwani ya kitelevisheni ilikuwa kompyuta yake.

Ikabidi niende kwake. Nikaketi kwenye kiti chake, mbele ya kompyuta yake, kifaa pekee duniani kilichoruhusiwa kuingia kwenye mtandao wangu. "Yaani nyumba yako unaifungulia kwangu?" akauliza, kwa upole ulioniumiza zaidi ya kicheko. Sikumjibu. Nikaondoa kichujio. Nikaweka WPA2 yenye AES, njia imara ya kuficha data. Nikazima na WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwa tarakimu nane, ambazo tangu 2011 inajulikana hukaguliwa nusu-nusu, kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha kuimaliza. Nikatunga neno la siri la herufi ishirini na mbili. "Hifadhi".

Kompyuta yake ikakatika papo hapo.

Tukatazamana. Akachukua kile kikaratasi, akakigeuza upande usioandikwa, akanipa kalamu.

"Jirani," akasema, "safari hii B uiandike vizuri."