Haikuwa dawa ya mende

Wadau, hayo mliyosikia kwa yule rafiki yangu wa maabara, yafuteni. Sikumpulizia mgeni dawa ya mende. Ilikuwa maji na rangi nyekundu ya keki.

Mashine yetu hupaka vioo utando mwembamba. Ncha yake hutetemeka mara 120,000 kwa sekunde. Husikii kitu, maana sikio la binadamu huishia kama 20,000. Mtetemo huo hupasua kioevu kuwa matone madogo kuliko unene wa unywele. Siku za kazi tunapaka vioo vya majaribio ya sola. Siku ya wageni tunatia rangi, ili watu waone kitu.

Mgeni wa heshima alikuja na suti nyeupe. (Nyeupe, jamani! Maabara!) Akasogea karibu, nami nikaanza mbwembwe: "Mzee, fundi wa kupiga magari rangi anatumia kompresa, rangi nyingine inaishia ukutani. Yetu haina fujo. Inaelea tu, inatua yenyewe."

Joto la Kisumu saa tisa alasiri mnalijua. Mtu akafungua dirisha la upande wa ziwa.

Ukungu ukayumba. Nikauona. Ukaacha kioo, ukainuka, ukamwelekea mzee bila fujo, kama nilivyomwahidi. Mdomo wangu ukaendelea kusifu ulaini wake. Mkono wa kuzima mashine ulikuwa juu, unaonyesha jinsi ya kuelea. Ukungu ukatua kwenye miwani ya mzee. Jicho la kushoto. Halafu la kulia. Utando sawasawa, hakuna mchirizi, hakuna doa! Kioo changu hakijawahi kutoka hivyo tangu nianze kazi hii. (Msicheke, nilijivunia kidogo.)

Mzee akageuka huku na huku. "Kijana, mbona nyote mmekuwa wekundu?" Akatazama dirishani, ziwa nalo jekundu. "Yawa! Moto!"

Basi, watu mlangoni, askari wa geti na mtungi wa kuzimia moto, suti kwa dobi, mimi ofisini kwa mkubwa.

Bili ya dobi nitalipa. Lakini wewe msambaza habari, uliyetoka wa kwanza ukimpita hata mzee mwenyewe: kitasa cha mlango ulichong'oa, fundi anauliza atalipwa na nani.